Kayaki ya kwanza Lamu: ukianguka, utapandaje tena?

Mtu akitaka kununua kayaki, chombo chembamba cha kupigwa kafi, kwa mara ya kwanza hapa Lamu, maswali yake huwa yale yale: inakwenda mbio? Inabeba wangapi? Bei gani? Ni maswali ya haki, lakini kwa maoni yangu yote yanakaa nyuma ya swali moja: nikianguka katikati ya mkondo, nitaweza kupanda tena peke yangu? Kayaki isiyolijibu swali hilo, hata iwe nyepesi na nzuri vipi, si ya mtu anayejifunza.

Anayeijua bahari yetu hatashangaa nikianzia hapo. Kati ya Lamu na Manda maji hupita mengi kila yanapojaa na kupwa, na siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, huenda kwa nguvu mno. Upepo wa kusi ukikutana na maji yanayotoka, pale mbele ya Shela huinuka mawimbi mafupi yaliyokaribiana, na mgeni wa kafi hupinduka kabla hajajua kilichompata. Kupinduka kwenyewe si msiba. Maji yetu ni ya joto mwaka mzima. Msiba ni kubaki umeshikilia chombo usichoweza kukipanda, huku mkondo unakuchukua.

Ndiyo maana nawashauri wanaoanza waachane na kayaki ya kukalia ndani, ile yenye tundu la kuingiza miguu. Ina asili yake, na asili hiyo inaeleza mengi. Waliobuni chombo hiki ni Wainuit na jamaa zao wa nchi za barafu, waliounda kiunzi kwa mifupa na mbao zilizookotwa ufukweni, wakakivika ngozi ya sili, wakaenda nacho kuwinda. Kule baridi ya maji inaua, kwa hiyo kufunikwa hadi kiunoni ni uhai, na mwenye chombo alijua kujipindua akarudi juu bila kutoka kitini. Anayeanza hana ufundi huo. Akipinduka hutoka, na maji huingia. Lita moja ya maji ni takribani kilo moja, na kayaki pana ya matembezi isiyo na vyumba vilivyozibwa humeza zaidi ya lita mia. Kufua maji hayo, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, huku unaelea kando yake, peke yako, ni kazi ambayo simtakii mtu yeyote.

Kuna na jambo la mavazi, ambalo naona halizungumzwi. Dada zetu wengi hupiga kafi wakiwa na nguo ndefu za kusitiri. Nguo ndefu ndani ya tundu jembamba, chombo kikiwa kimepinduka, inaweza kunasa. Juu ya kayaki iliyo wazi miguu iko huru, na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya stara na usalama.

Basi nunua kayaki ya kukalia juu. Mwili wake umezibwa pande zote, ndani mna hewa tu, na matundu yanayotoka sitahani hadi chini hutoa maji yenyewe. Ukianguka unaigeuza ikae sawa, unajivuta kifudifudi kuvuka ubavu wake huku unapiga miguu, unageuka ukae, kisha unaingiza miguu. Hakuna cha kufua. Tafuta yenye urefu wa mita 3 hivi na upana wa sentimita 75 hadi 80. Wanaosafiri mbali hupenda ndefu na nyembamba, mita 4 kwenda juu, na wana sababu: chombo kirefu hukata maji na kushika njia. Lakini anayeanza haendi mbali kama kisiwa cha Kiwayu. Anataka kuvuka asubuhi hadi Manda, au kupenya kwenye mikoko kuelekea magofu ya Takwa maji yakiwa yamejaa, na huko chombo kifupi kinachogeuka upesi ndicho raha. Wapo wanaolalamika kwamba ya juu inalowesha makalio. Inalowesha, ndiyo. Kwa joto letu hiyo si hoja.

Usinunue pia ile ambayo uzito wako unakaribia kikomo kilichotajwa na mtengenezaji. Mtu wa kilo 80 atafute ya kilo 120 au zaidi, isizame sana na matundu yakaanza kupandisha maji badala ya kuyatoa.

Jambo linalosahaulika mno ni kubeba. Mji wetu si wa magari, na maji yakipwa kayaki hubaki mbali na maji, katikati ni tope na mawe. Ya plastiki ya mtu mmoja huwa kilo 20 na kitu. Inueni wewe na mwenzako kabla hujaipenda. Usipoweza kuibeba utaiburuta, na kuburuta ndiko kunakoua kayaki: plastiki huliwa kwenye tezi, yaani nyuma, na kwenye midomo ya yale matundu, mpaka siku moja ikatoboka. Ya watu wawili ni nzito zaidi, na ukiwa peke yako omo, yaani mbele yake, huinuka, upepo ukaigeuza kayaki unavyotaka. Za kujazwa upepo sizipendi hapa kabisa, kwa sababu ya chaza wenye makali waliojaa kwenye miamba na mizizi ya mikoko.

Ukipata iliyotumika, ikague juani. Rangi iliyopauka na inayoacha unga mkononi ni dalili kwamba jua limeshaila. Tia maji kidogo ndani kupitia kizibo, uigeuze kila upande, utazame panapodondoka. Usikubali ahadi ya gundi. Plastiki hii haishikani na gundi vizuri, huungwa kwa kuyeyushiwa plastiki ya aina yake. Ikiwa nzima, itunze kivulini na itadumu. Wanaodharau plastiki baharini wakumbuke Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na malapa ya zamani, likafika Zanzibar mwaka 2019.

Kafi la pande mbili liwe la sentimita 230 hivi, maana kwa chombo kipana fupi litakugongesha ubavuni. Jaketi la kuokolea si la kujadiliwa. Bei yake iwe ndani ya bajeti ya kayaki tangu mwanzo, na lenye kubana mwili vizuri, kwa sababu lililolegea hupanda shingoni wakati ule ule unapotaka kujivuta juu.

Halafu, kabla ya kutoa pesa, omba kuijaribu. Chagua asubuhi ya siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mahali ambapo miguu haifiki chini, mwenzako akiwa karibu na mtumbwi. Jipindue makusudi, kisha panda tena. Pumzika kidogo, ujipindue tena, kwa kuwa mara ya pili mikono imechoka na ndipo ukweli unapoonekana. Ukishindwa, omba pana zaidi. Sentimita tano tu zinaweza kukubadilishia hali. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie kayaki yake.