Kuzaliwa Mara ya Pili: Maneno Mamoja, Imani Mbili

Mwambie mtu wa Kisumu au Kakamega kwamba umezaliwa mara ya pili, ataelewa umeokoka. Mfuasi wa teosofia, falsafa ya kidini inayotafuta kweli moja nyuma ya dini zote, ataelewa kwamba nafsi yako imerudi duniani katika mwili mwingine. Mabishano mengi huharibika papo hapo, kabla hoja yoyote haijapimwa.

Chama cha teosofia kilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, Henry Olcott na William Judge, kikahamia India. Kinashikilia kwamba dini zote zina chimbuko moja, na kwamba Mkristo anaweza kujiunga bila kuacha kanisa lake. Roma ilikataa Julai 1919: mafundisho hayo hayapatani na imani ya Kikatoliki. Naona Roma ilisoma sawasawa. Katika kitabu chake cha mwaka 1889, The Key to Theosophy, Blavatsky alimkana Mungu mwenye nafsi, akakana pia kwamba mmoja anaweza kulipia dhambi za mwingine. Ukiyatoa hayo mawili, msalaba unabaki mfano wa ujasiri tu.

Kila upande una silaha butu unayoipenda. Wakristo hutaja barua zilizochapishwa Madras mwaka 1884, zilizodaiwa kuwa za Blavatsky akipanga miujiza ya uongo, na ripoti ya mchunguzi Richard Hodgson ya 1885 iliyomwita laghai. Lakini mwaka 1986 Vernon Harrison, mtaalamu wa nyaraka za kughushi, aliichambua ripoti hiyo, akaonyesha jinsi ilivyoegemea upande mmoja. Hata hivyo, ulaghai wa mwalimu hauamui kama karma ipo, yaani sheria kwamba matendo ya maisha yaliyopita hulipwa katika maisha haya. Wateosofia nao hudai kanisa lilifuta fundisho la kurudi duniani katika mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 553. Kilicholaaniwa ni wazo kwamba roho huwako kabla ya mwili. Origen, mwanateolojia wa kanisa la kale ambaye jina lake hutajwa hapo, alikataa waziwazi kwamba roho huhama kutoka mwili hadi mwili.

Huku kwetu kuna hoja ya tatu: Wajaluo humpa mtoto jina la marehemu, nying juogi, basi eti Waafrika waliamini karma. Sivyo. Mhenga hurudi kwa jina, katika ukoo wake, akumbukwe. Harudi kulipa deni la maisha yaliyopita.

Penye uzito ni Yohana 9. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu. Mteosofia anauliza kwa haki: mtu angetendaje dhambi kabla ya kuzaliwa, kama hakuwahi kuishi? Ila Yesu anajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Hesabu ya madeni inakatwa hapo.

Sasa lipeleke swali hilo wodini, kwa mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu uliokithiri magharibi mwa Kenya. Tunajua anavyoupata: jeni moja kwa baba, moja kwa mama. Kwa nini yeye na si nduguye? Karma ina jibu kamili, na mteosofia mwaminifu ataongeza kwamba sheria hiyohiyo inakudai umsaidie. Mkristo hana jibu la kwa nini. Ana ahadi tu, na upungufu huo aukubali bila kuupamba. Lakini mama huyo tayari anaulizwa kijijini alikosea wapi. Jibu la karma, hata likisemwa kwa upole, linampelekea mtoto swali lilelile.