Redio ya setelaiti kwenye pikipiki ya safari: kwa sisi wa Mwanza inalipa kweli?

Wakuu, hii mada inazunguka sana kwa watu wa pikipiki kubwa hapa Mwanza. Mtu anataka kuagiza Gold Wing au Harley iliyotumika kutoka Marekani, muuzaji anamwambia hii ina redio ya setelaiti ndani kabisa, yani inayopokea matangazo moja kwa moja kutoka setelaiti angani badala ya mnara, ongeza hela kidogo, na yeye anaona kapata maana akitoka Mwanza kwenda Musoma mziki hautakatika hata dakika moja. Wengine wanataka moduli peke yake, kile kifaa cha kupokea setelaiti, ije wampe fundi afunge. Mi msimamo wangu nautoa mapema: hiyo hela usitoe. Ila shida anayotaka kuitatua huyu mtu ni ya kweli, tusimbeze.

Kwa wenzetu wa Marekani hii kitu ina maana kubwa sana. Kampuni mbili za redio ya setelaiti, XM walianza kurusha 2001, Sirius 2002, halafu 2008 wakaungana ikawa SiriusXM, na mtu wa kule anaweza kukatiza majimbo ya jangwani ambako FM hamna kabisa na chaneli yake ikabaki ile ile tangu anawasha hadi anazima. Antena yenyewe ni kidude cha kubandika, kinataka kuona anga tu, na kwenye pikipiki anga ipo muda wote.

Sasa njoo huku kwetu. Ukishapita Kisesa, Nyanguge, unaitafuta Magu, FM ya mjini inaanza kukwaruza, ukizama bondeni inapotea, ukipanda inarudi, maana mawimbi ya FM yanakwenda karibu na mstari ulionyooka na kilima kikikaa kati ndo basi. Hata stesheni yenye mitambo mikoa mingi masafa yake yanabadilika njiani, kwahiyo uko na glavu mkononi, spidi iko juu, unabonyeza kutafuta upya. Simu nayo inakula bando na kuna vipande vya njia mnara haushiki vizuri. Kwahiyo anayeota redio isiyokatika anaota kitu cha maana.

Tatizo ni moja na halina ujanja: setelaiti za SiriusXM zinamulika Marekani na Kanada. Huku Ziwa Victoria mawimbi yao hayafiki, na hamna fundi, awe wa Igoma awe wa wapi, atakayeyaleta kwa kubadilisha antena. Ile moduli ikifika hapa ni uzito tu ndani ya pikipiki.

Na kinachoniuma ni kwamba Afrika ilishawahi kuwa na ya kwake. WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setelaiti ya AfriStar 1998, ikakaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 21 mashariki, kilomita kama 36,000 juu. Ukiangalia ramani utaona kwa mtu wa Mwanza ilikuwa karibu utosini, imeegemea magharibi kidogo tu, yani mti wala ghorofa lisingekusumbua kama linavyomsumbua mtu wa nchi za kaskazini ambaye setelaiti yake imeinama chini. Sehemu yetu ilikuwa nzuri sana ya kupokea. Ila 2008, mwaka ule ule wenzao wanaungana, WorldSpace wakaomba kinga ya kufilisika. Na hata ingebaki, redio zake zilitengenezwa zaidi za kukaa mezani, antena unaigeuza mpaka inaikuta setelaiti, sio za kutembea nayo kwenye kona za Bunda. Kwahiyo hata kumbukumbu hiyo haimsaidii sana mwenye pikipiki.

Kuna mtego mwingine ambao naona ni mkubwa kuliko setelaiti yenyewe, nao ni FM ya hiyo pikipiki unayoagiza. Redio za soko la Marekani zinaruka hatua ya 0.2, 88.1, 88.3, 88.5, sasa stesheni ya huku ikiwa kwenye namba shufwa, tuseme 94.4, redio inasimama 94.3 au 94.5 na unasikia ile sauti yenye mchanga. Baadhi zina sehemu ya kubadilisha eneo kwenye mipangilio, nyingine hazina, na hili ndo la kumuuliza muuzaji kabla hela haijatoka. Za Japani tunazijua wote kwa magari, zinaanzia 76, nyingi zinaishia 90, mpaka ufunge ekspanda, kidude cha kushusha masafa ya juu yaingie humo, na hata hapo namba kwenye kioo hazifanani na za stesheni.

Ukipata redio inayoshika vizuri, weka hela kwenye kufunga. Waya wa chanya utoke betri ukiwa na fyuzi karibu kabisa na betri, rilei (swichi inayowashwa na umeme) ichukue amri kwenye swichi ya funguo ili ukitoa funguo redio izime, hasi ikae kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Antena iwe mbali na koili ya plagi. Ukisikia krrr inayopanda kila ukivuta mafuta, mara nyingi chanzo ni umeme wa injini unaingia kwenye redio, kwahiyo usikimbilie kulaumu stesheni. Na kwa pikipiki ndogo kama Boxer, betri yake ni ndogo, spika mbili za wastani zinatosha, ukiongeza amplifaya unajitafutia kusukuma asubuhi.

Wapo wanaosema pikipiki na redio havikai pamoja kabisa, setelaiti au FM. Hawa nawaheshimu na kwa mjini niko nao asilimia mia, Buzuruga pale na daladala na boda zinavyoingia kila upande unahitaji masikio yako yote. Kwenye barabara kuu ya safari naona wanazidisha. Ukitembea kilomita 100 kwa saa upepo peke yake kwenye helmeti unazidi desibeli 90, kwahiyo hoja ya kwamba bila redio unasikia kila kitu haisimami. Ila hapo hapo spika za mbele ya pikipiki zinabidi zipige kelele kuushinda huo upepo, ndo maana mi napendelea spika ndogo za ndani ya helmeti, karibu na sikio, kwa sauti ya chini. Halafu kuna vipande vya kuzima bila mjadala: ng'ombe wa Magu jioni wakirudi nyumbani, na kuanzia Lamadi hadi Bunda pale geti la Ndabaka ambapo hifadhi ya Serengeti inagusa barabara. Simba na Yanga nayo isikilize umepaki, goli likiingia mkono unavuta mafuta wenyewe.

Kwahiyo kwa safari ya Musoma, au ya Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, mi ningepakua mziki na vipindi kwenye simu kabla ya kutoka, FM iwe ya taarifa za habari na hali ya hewa pale inaposhika, simu iunganishwe na helmeti kwa blututhi, ramani ikuelekeze humo humo. Hela ya moduli ya setelaiti ikibaki, nunua tairi la nyuma.