Pima Mtutu Kwanza, Ugumu Baadaye

Wanaojisubia risasi za bunduki wanabishana mno kuhusu ugumu. Huyu anaongeza antimoni, metali ya kukaza madini ya risasi, yule anazitumbukiza majini zikiwa bado moto, na mtutu unazidi kujaa utando wa madini ya risasi huku matundu yakitawanyika kwenye shabaha. Msimamo wangu ni kwamba jambo la kwanza kuangaliwa ni kipenyo. Ugumu unafuata, tena kwa mbali.

Risasi yenye koti la shaba inaweza kulingana sawasawa na kipenyo cha mifereji ya mtutu, ile mikato ya msokoto iliyochongwa ndani yake, na ikapiga vizuri. Ya kusubu inataka kuzidi, walau kwa inchi 0.001, mara nyingi 0.002. Ikipwaya, gesi ya moto hupenya ubavuni, ikaikwangua na kuyapaka madini yake mtutuni. Sasa ukiifanya ngumu zaidi, ndiyo kwanza inakataa kutanuka na kuziba mwanya. Afisa Mfaransa Claude-Étienne Minié alilijua hilo tangu miaka ya 1840: risasi yake ilikuwa laini, kitako kina shimo, gesi ikikitanua kinashika mifereji.

Wala usiiamini namba ya kaliba, ile inayotaja upana wa mtutu. Ile .303 ya Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, hupimwa kati ya matuta, yaani miinuko iliyo baina ya mifereji. Kwenye mifereji kipimo cha kiwandani ni kama inchi 0.313, na mitutu mingi iliyotumika jeshini imepita hapo. Kwa hiyo pima mtutu wako mwenyewe. Hakikisha bunduki haina kitu, paka mtutu mafuta, kisha gonga mdomoni mwake kipande laini cha madini ya risasi kilichozidi tundu kidogo na ukisukume taratibu kwa fimbo ya shaba. Sikiliza mkono: pale kinapokaza na pale kinapolegea ghafla pana habari kubwa kuhusu mtutu huo. Kikitoka, kipime kwa maikromita. Lee-Enfield nyingi zina mifereji 5, hivyo mfereji unatazamana na tuta, na maikromita ya kawaida itakupa kipimo pungufu. Hapo inatakiwa ile yenye kitako cha V.

Kuna kosa jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu anasubu vizuri, anapata 0.314, halafu anaiingiza kwenye ganda ambalo shingo yake imetanuliwa kwa ajili ya risasi ya koti. Shingo inaibana na kuipunguza humo humo ndani. Ing'oe moja uipime tena. Ikiwa imepungua, tafuta kitanulio, kile kifaa cha kupanulia shingo ya ganda, kilicho kipana zaidi.

Mpaka wa upana wa risasi ni chemba, pale ganda linapokaa nyuma ya mtutu. Shingo ya ganda lililojazwa lazima ibaki na nafasi ya kuiachia risasi, la sivyo shinikizo hupanda vibaya. Bolti, kile chuma kinachofunga chemba, ikikataa kufunga kwa wepesi, usiisukume kwa nguvu. Punguza kipenyo cha risasi au chonga shingo ya ganda, kisha jaribu na ganda lisilo na baruti wala fataki.