Kikao kisifanyike maskani

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wamo Mkoa wa Mjini Magharibi. Maana yake utaiona ukipita mitaa ya mkoa huo kama Fuoni, Tomondo au Mwanakwerekwe: nyumba ya vyumba sita, ndani yake yumo Mpemba mfanyabiashara, mtu wa Makunduchi aliyefuata kazi serikalini na fundi wa kutoka bara, na mwenye nyumba yuko Muscat. Choo kimoja, mita ya umeme moja.

Watu wa asili mbalimbali wa nyumba kama hiyo hawapatanishwi kwa semina ya umoja. Bonanza la mpira ni zuri, silikatai, lakini jezi zikishafuliwa mara ya tatu, ugomvi wa maji machafu yanayopita mlangoni kwa jirani uko pale pale. Manispaa ikitaka watu wakae pamoja, ianze na mambo madogo yanayowagombanisha.

Ugomvi wa kwanza unatokana na barua ya sheha, yaani barua ya utambulisho ya kiongozi wa shehia, mtaa wenu. Mpangaji mpya akiwa na shughuli ya kitambulisho au ya benki, huambiwa akailete. Sheha hamjui, anamtaka mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye huyo wa Muscat. "Njoo kesho." Huenda sheha hana nia mbaya kabisa. Lakini aliyerudishwa mara tatu hasemi "hanijui". Anasema "ni kwa sababu mimi Mpemba", au "kwa sababu mimi mtu wa bara", na uchaguzi ukikaribia anasema "kwa sababu ya chama changu". Neno hilo likishafika barazani, kulirudisha ni kazi.

Dawa yake ni daftari la wapangaji, lijazwe kabla ya shida. Safu tano zinatosha: jina, nyumba na chumba, tarehe ya kuhamia, namba ya simu, na jirani mmoja anayemtambua. Hiyo ya tano ndiyo roho ya daftari, maana inamwondolea mtu kumsubiri mwenye nyumba. Safu ya kabila isiwekwe, wala ya mahali pa kuzaliwa. Atakayeiona hataamini kwamba haina kazi. Mlangoni kwa sheha pabandikwe karatasi yenye siku za kutoa barua, vitu vya kuja navyo, na malipo kama yapo. Anayekataliwa aandikiwe sababu, hata mstari mmoja.

Hapa pana fundo. Diwani huchaguliwa kwa kura, sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Baraza la manispaa linaweza kuchapisha daftari, lakini haliwezi kumwamrisha sheha alitumie. Kwa hiyo Mkuu wa Wilaya aingizwe tangu siku ya kwanza, agizo litoke kwake. Ukianza na diwani peke yake, sheha ataona ananyang'anywa kazi, na madaftari yatabaki stoo.

Kikao cha shehia nacho huharibika kabla hakijaanza, kwa sababu ya mahali. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliruhusu vyama vikae serikali moja. Haikufuta rangi kwenye kuta za maskani, yaani vijiwe vya wafuasi wa vyama. Ukiita watu penye bendera, nusu hawaji, na wanaokuja wanajua nani hakuja. Ukumbini kwa sheha si mahali pa kumlalamikia sheha. Uwanja wa msikiti unamwacha nje Mkristo. Darasa la skuli ndilo lililobaki, na linatosha.

Tena saa. Kikao cha baada ya alasiri kinabanwa na magharibi, mama yuko jikoni, muuza samaki yuko sokoni, na wa hotelini bado yuko kwenye daladala. Ijumaa haifai, Jumapili asubuhi haifai. Afadhali vikao viwili vifupi vyenye ajenda moja, kimoja Jumamosi asubuhi na kingine siku ya kazi baada ya isha, kisha muhtasari wa pamoja ubandikwe ndani ya wiki moja. Ajenda zisizidi tatu. Ikiingia ya nne, ya kwanza haitekelezwi.

Na wajumbe wa kamati? Wengi watashauri achaguliwe mmoja wa Wapemba, mmoja wa watu wa bara, mmoja wa wenyeji. Mimi naona hilo ni kosa. Ukimpa mtu kiti kwa asili yake, kila neno lake litapimwa kwa asili hiyo, hata akisema taka zizolewe. Gawa shehia kwa vichochoro, nyumba 40 hadi 50 kila kimoja, kila kichochoro kitoe watu wawili, mmoja wao awe mpangaji. Mchanganyiko utakuja wenyewe, kwa sababu kichochoro chenyewe kimechanganyika.

Vibali vya shughuli ni jambo jepesi kueleza: taarab ya harusi, maulidi na mkutano wa injili wapewe fomu ile ile, malipo yale yale, na saa ile ile ya kuzima spika. Ukimwongezea mmoja nusu saa, wote wanaihesabu.

Kazi ya kuanzia iwe mtaro, kwa sababu mafuriko hayachagui mlango. Usafishwe Januari na Februari, kabla masika hayajaingia Machi. Kila kichochoro kitoe watu kumi kwa asubuhi moja, na mpangaji aitwe sawa na mwenye nyumba. Kosa la kila mwaka ni kuutoa uchafu mtaroni na kuulundika ukingoni. Mvua ya kwanza inaurudisha ndani, na maji yanaingia kwa wale wa bondeni, ambao mara nyingi ndio waliohamia mwisho. Kwao hilo halionekani kuwa uzembe, linaonekana kuwa dharau. Gari la kuzoa liwe limeshaahidiwa kwa siku hiyo hiyo, kabla mabeleshi hayajatoka stoo.