Mimi Ndiye Yule wa M47

Ile hadithi ya Odhiambo mnayotumiana tangu Jumapili usiku, ya nilivyojiaibisha ukweni juu ya bunduki ya mzee, ina mambo matatu ya uongo. Sikulia. Sikupiga magoti. Na hakuna mbwa aliyenifukuza. Mbwa alikuwa amefungwa, alibweka tu. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Mnajua nilikuwa naenda kwa kina Wambui, kule mtaa wa Waithaka, Nairobi. Si ruracio bado, yaani mahari, ni kujulikana tu: chakula cha mchana, mtu na rafiki yake mmoja wa kumtuliza roho. Rafiki nikamchagua Odhiambo. Kosa hilo nitalijibu siku ya kiyama.

Wambui alikuwa amenidokezea kwamba baba yake ana bunduki ya Mark Four, ile .303 ya kizamani ya jeshi la Mwingereza, ya kibali kabisa, aliyoachiwa na marehemu babake. Siku moja kila mwaka huitoa kwenye sefu aipake mafuta, na siku hiyo humpenda yeyote anayemuuliza maswali. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Siku tatu sikulala, nasoma alama za Lee-Enfield, ndilo jina la ukoo wa bunduki hizo. Mtihani wa kidato cha nne sikuusomea hivyo.

Nikazijua zile za Vita vya Kwanza: taji, chini yake GR ya Mfalme George, kisha jina la kiwanda, Enfield au BSA Co., kisha mwaka, wazi upande wa kulia kama nambari ya ploti. Nikajua kile kishale kipana kinamaanisha mali ya serikali. Nikajua za Kanada zimeandikwa Long Branch, na zile za Marekani zimepigwa mhuri wa U.S. Property hata kama ni Mwingereza aliyezibeba. Mtu akijaza hayo kichwani, wadau, hawezi kunyamaza. Ni ugonjwa.

Tukala. Mukimo, kuku, chapati za Cucu, nyanya yake Wambui, ambazo hadi sasa nazikumbuka kwa uchungu. Mzee akaingia chumbani, akatoka nayo, akailaza mezani juu ya gazeti, boliti kando, magazini kando, risasi hakuna. Ukoo mzima ukakaa vizuri kama watu wanaosubiri wimbo wanaoujua. Palikuwa na mzungu mwenye shamba upande wa Naivasha, akapigana Burma, akarudi, na alipofunga virago 1963 akamuuzia babake Mzee bunduki yake. "Hii," Mzee akakigonga kitako mara mbili, "imepigana na Mjapani."

Nikanyoosha mkono. "Mzee, naomba niangalie alama."

Alifurahi! Hicho ndicho kinachoniuma. Alinipa mpaka miwani yake.

Nikatazama kulia. Hakuna taji, hakuna George, hakuna kitu. Jasho la kwanza likatoka. Nikaigeuza. Kushoto, pale chuma kinapokipokea kitako, chini ya rangi nyeusi nzito, nikaona alama zilizogongwa kwa nguvu: M47C. Chini yake palikuwa na kitu kama nambari, lakini rangi na grisi ya miaka vimekifukia. Sikuhangaika nacho. 47! Na vita viliisha 1945!

Sasa hapa twende polepole, maana hapa ndipo Odhiambo amepita mbio.

Nikavua miwani. Miwani ya mwenyewe, naivua kama daktari mwenye habari mbaya. Nikakohoa. Mjomba wa Wambui alikuwa amechovya chapati kwenye mchuzi, anaipeleka mdomoni. Nikasema, na maneno haya nayasikia kila nikijaribu kulala: "Mzee, usinichukulie vibaya, lakini huyo mzungu aliwauzia stori. Bunduki hii imetengenezwa 1947. Burma haijaiona hata kwa picha."

Hata kwa picha. Nilikuwa nimeshamaliza. Nani aliniambia niongeze picha?

Chapati ya mjomba ikabaki hewani, mchuzi unadondokea shati. Friji ikaacha kunguruma, naapa iliacha. Wambui alinitazama kama mtu anayesoma mita ya stima ya nyumba anayotaka kuhama. Odhiambo, mtuliza roho wangu, alikuwa ameshashika simu.

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliitazama bunduki, akasema taratibu, "Kumbe. Na baba amekufa akiisimulia hivyo."

Basi sauti ikatoka pembeni, kwenye kiti cha mto mwekundu. Cucu. "Leteni unga."

Nilidhani ni mila. Nilidhani natolewa pepo.

Likaletwa bakuli la unga wa ngano uliobaki kwenye chapati. Cucu akalowesha kitambaa kwa mafuta taa, akasugua pale chini ya M47C, akakwangua kwa kijiti cha meno, akasugua tena bila haraka yoyote. "Hii nimeisafisha tangu bwanangu akiwa hai," akasema, akimwambia kitambaa, si mimi. Kisha akachota unga kwa kidole kimoja, akaupaka juu ya chuma, akaufuta kwa kiganja. Unga ukabaki kwenye mikato tu. Ikatokea 1. Ikatokea 9. Ikatokea 4, na bado nilikuwa na tumaini, wadau, mtu hufa na tumaini lake. Mkato wa mwisho ulikuwa umejaa unga, hausomeki. Cucu akainama, akapuliza.

3.

1943. Nyeupe pe, kama imeandikwa asubuhi ile.

Na hapo hawajamalizana nami. Ndugu mdogo wa Wambui, mtoto wa kidato cha pili, hakuna aliyemuuliza, akasoma kwenye simu: M ni ya Midlands, sehemu ya kati ya Uingereza, 47 ni nambari ya siri ya kampuni ya BSA ya Birmingham, C ni kiwanda chake cha Shirley. Wakati wa vita waliyaficha majina ya viwanda ili Mjerumani asijue ni nani anatengeneza nini na wapi. Yaani fumbo lililotungwa kumpoteza Hitler limekaa kimya miaka themanini, likanisubiri mimi huko Waithaka. (Ipo pia S51, nayo ni Holland & Holland, wale waliofunga darubini kwenye bunduki za walenga shabaha. Si 1951. Nawaokoa mapema, wenye wakwe.)

Mzee akaichukua miwani yake mkononi mwangu. "Kijana. Nairobi ni kaunti nambari ngapi?"

"Arobaini na saba, Mzee."

"Basi pengine ilitengenezwa na jua kali wa Kamukunji."

Mjomba ndiye aliyeanza, chapati ikampalia, akapigwa mgongoni. Cucu alicheka bila sauti, mabega tu. Hata Wambui.

Tuliondoka saa kumi na moja. Ndani ya matatu hatukuongea mpaka Kawangware. Odhiambo alikuwa ameshatuma. Kazini wananiita Gavana.

Na kabla mjuaji mwingine hajaniandikia: ndiyo, najua 1943 peke yake haithibitishi Burma. Panda matatu ukamwambie Cucu.

Jana Wambui amenitumia orodha ya ruracio, ya kwanza kwanza, ya kujadiliwa. Mbuzi wapo, mablanketi yapo, tangi la maji lipo. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mzee, kalamu imekandamizwa: unga wa ngano, pakiti 47.