Wanaua bakteria, wanatuua sisi

Ijumaa nilipita Darajani, bwana wa kipaza sauti yupo palepale. "Dawa ya kusafisha tumbo! Inaua bakteria wote! Wiki moja tu, sukari kwaheri!" Chupa shilingi 15,000, na watu wamemzonga kama anagawa sadaka.

Ningempita na hamsini zangu, ila shangazi yangu wa Wete keshainunua hiyo. Siku tatu anashinda chooni, hali chochote, na vidonge vyake vya sukari anameza kama kawaida. Jirani alimkuta anatetemeka, jasho linamchuruzika, akamnywesha maji ya sukari. Naam, sukari ilishuka. Hapo muuzaji hakusema uongo.

Kinachonikera zaidi ni lile neno "wote". Bakteria wa utumbo mpana ni matrilioni, na riziki yao ni kile tusichoweza kusaga wenyewe: kambakamba za kunde, za chooko, za mboga. Wakishazichachua hutoa asidi ndogondogo za mafuta. Asidi hizo huzigusa seli za ukuta wa utumbo, ziitwazo seli L, nazo humwaga homoni ya GLP-1. Sukari ikipanda, homoni hiyo hulihimiza kongosho litoe insulini, inayoishusha. Hulizuia tumbo lisishushe chakula kwa pupa. Huuarifu ubongo kwamba basi, tumeshiba. Haikawii katika damu. Dakika 2 hivi, nusu yake imeshavunjwa. Wenye viwanda wakaiga umbo lake, wakatengeneza semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki. Marekani waliiruhusu kwa kisukari mwaka 2017, na sasa matajiri wanaigombania wapungue matumbo. Sisi huku tunalipa pesa kuwaua vibarua wanaotusaidia kuitoa homoni yenyewe bure!

Na tusiowaua tunawatia njaa. Asubuhi boflo jeupe, mchana wali mweupe, usiku chipsi na soda. Majimbi na kunde za nazi tunazikumbuka kwenye futari. Mwezi ukiandama tu, ndiyo tumeagana. Mgeni akikukuta unakula chooko anakuuliza nani mgonjwa.

Halafu kuna wale wa mafua kidogo tu, mbio duka la dawa kutaka antibiotiki, nazo ni dawa za kuua bakteria. Hao wana siku yao.

Haya, nakubali, kunde haiponyeshi kisukari, na mengi katika haya yameonekana wazi kwa panya kuliko kwa watu. Vidonge haachi mtu. Tena metformini yenyewe, kidonge cha kila siku cha wagonjwa wengi, inawabadilisha bakteria hao na kuipandisha GLP-1. Nakubali pia kwamba yule bwana anaeleweka kuliko daktari anayekuandikia karatasi bila kukutazama usoni. Shangazi kaniambia hivyo hivyo: "Mwanangu, yeye angalau aliniuliza nalalaje."

Sikuwa na la kumjibu.

Jana kanipigia tena. Chupa imebaki nusu, anataka kujua kama inafaa kuzibulia karo.