Kikomo cha fidia humbana asiye na mshahara

Kila mjadala wa kurekebisha sheria ya madhara, yaani ile ya kumdai fidia aliyekuumiza, unapoibuka Marekani, wafanyabiashara huja na ombi lile lile: bunge la jimbo liweke kikomo kwenye fidia anayoweza kulipwa mtu aliyeumia kwa uzembe wao. Nalipinga ombi hilo kwa nguvu zangu zote, maana ukilifuata hadi kwa majeruhi mwenyewe utaona linamwangukia nani.

Fidia ya majeraha ina mafungu mawili makubwa. La kwanza ni hasara inayohesabika, yaani gharama za matibabu na kipato kilichopotea. La pili ni maumivu, kovu la usoni, usiku usio na usingizi, mkono usioweza tena kumbeba mwana. Vikomo vingi huwekwa kwenye fungu la pili. Ukisoma juu juu, utadhani ni busara. Sasa chukua watu watatu walioungua kwa mtungi mmoja wa gesi uliotengenezwa vibaya: mhandisi, mama anayelea watoto nyumbani, na bibi aliyekwisha kustaafu. Mhandisi atadai mishahara ya miaka yote aliyobakiza kazini, na kikomo hakimgusi hapo. Mama na bibi hawana hati ya mshahara ya kupeleka mahakamani. Sehemu kubwa ya madai yao imo kwenye fungu la pili, na humo ndimo sheria ilimopitisha mkasi. Hakuna kifungu kinachosema wao walipwe kidogo kuliko mhandisi, lakini ndivyo wanavyolipwa.

California ilipitisha kikomo cha namna hiyo mwaka 1975 kwa kesi za uzembe wa kitabibu: dola 250,000 kwa maumivu, hata kama mgonjwa amepooza. Kiwango hicho hakikuongezwa hata senti moja hadi sheria mpya ilipoanza kutumika Januari 2023. Kwa kupanda kwa bei peke yake, kilipaswa kuwa kimevuka dola milioni 1. Majeruhi wamekatwa fidia yao mwaka baada ya mwaka, na hakuna mbunge aliyelazimika kusimama na kulipigia kura jambo hilo.

Halafu kuna suala la wakili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Majeruhi wa Marekani kwa kawaida halipi wakili mwanzoni. Wakili huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi kama theluthi, na wakishindwa hapati ujira. Kesi ya bidhaa mbovu huhitaji wataalamu, vipimo na miaka ya kusumbuana na kampuni, na mara nyingi wakili ndiye anayetanguliza gharama hizo. Akipiga hesabu akaona kikomo hakitarudisha hata alichotumia, anamwambia yule mama pole, na kesi inaishia hapo hapo ofisini kwake. Jaji haisikii kamwe.

Kesi isipofunguliwa, majalada ya kampuni nayo hayafunguliwi. Watu hupenda kuicheka kesi ya mwaka 1994 ya bibi aliyeunguzwa na kahawa ya migahawa ya McDonald's akaishtaki kampuni hiyo, kesi ambayo imekuwa wimbo wa wanaotaka vikomo. Wanasahau, au hawakuambiwa, kwamba bibi yule wa miaka 79 aliungua mpaka akawekewa ngozi ya kupandikiza, na kwamba mwanzoni aliomba kama dola 20,000 tu, kampuni ikampa jibu la dola 800. Mahakamani ndipo ilipojulikana kwamba malalamiko ya watu walioungua yalikuwa yamefika takriban 700 katika muda wa miaka kumi, na kahawa ikaendelea kuuzwa kwa moto ule ule. Dola milioni 2.7 za fidia ya adhabu, yaani pesa za kuiadhibu kampuni juu ya fidia ya hasara, zilizotangazwa kila mahali zilikuwa sawa na mauzo ya kahawa ya siku mbili hivi, na jaji akazipunguza hadi dola 480,000. Bila kesi ile, malalamiko yale yangebaki kwenye kabati.

Najua hofu ya mwenye biashara ndogo ni ya kweli. Bima inapanda, na kesi moja ya uongo inaweza kumfungia milango. Lakini madai ya uongo huchujwa na jaji mapema, na fidia ya adhabu iliyopita kiasi tayari ina lijamu: mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ni nadra kwa fidia ya adhabu inayofikia mara kumi ya fidia ya hasara kukubalika kikatiba. Kikomo hakimchuji mwongo. Kinamkata mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba aliumizwa. Mahakama Kuu ya Kansas iliona hivyo mwaka 2019, ilipofuta kikomo cha jimbo hilo katika kesi ya ajali ya lori, kwa kuwa kiliwanyang'anya raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi (jury) kazi ya kupanga fidia ambayo katiba imewapa.

New Zealand walikwenda mbali zaidi, na huko naona uungwana. Tangu 1974 majeruhi kwa kawaida hawezi kushtaki kudai fidia ya jeraha, lakini mfuko wa taifa humlipia matibabu na mfanyakazi hupewa asilimia 80 ya kipato chake, bila kuulizwa nani mwenye kosa. Wamechukua haki moja, wakatoa nyingine. Wanaodai vikomo Marekani wanataka kuchukua tu.

Kama wabunge wanataka kurekebisha kweli, waanze na makubaliano ya siri ya kumaliza kesi. Hata ile kesi ya kahawa ilimalizwa kwa malipo ambayo kiasi chake hakikutangazwa. Kiasi kibaki siri kama pande zote zimeridhia, lakini taarifa kwamba bidhaa inaunguza, inalipuka au inakata vidole isiwe kitu cha kununuliwa. Na jimbo linalong'ang'ania kikomo likipandishe kila mwaka kulingana na bei, na limwondoe humo kila aliyeachwa na ulemavu wa kudumu.